Shangazi, Columbo na Biriani ya Jumamosi

Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Nataka mlijue hilo kwanza, maana huku kwetu mtu aliyekwisha vaa viatu ni mtu aliyekwisha toka. Nilikuwa nimekaa kwa shangazi Kibokoni, Mombasa, tangu baada ya alasiri. Nimekunywa kahawa vikombe vitatu, nimeulizwa habari za kazi, za kodi ya nyumba, za lini nitaoa. Nimemrudishia hotpoti yake na ndani nimetia kaimati, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nimemuomba radhi kwamba sikuhudhuria hitma ya arobaini ya marehemu mumewe: nilikuwa Nairobi kikazi, nikarudi Jumanne. Ameitikia. Kazi ni kazi, mwanangu. Mungu amrehemu.

Nimeinama, nakaza kamba za viatu.

"Ah, mwanangu. Kidogo tu."

Nikainua kichwa. Amesimama mlangoni, mkono mmoja kaushika mfaa wa mlango, hotpoti kaibana kwapani.

"Ile biriani hukuikuta imechacha?"

"La, shangazi! Ilikuwa tamu mno. Nimeila yote, hata punje sikubakisha."

Akanitazama. Si kwa muda mrefu, kiasi cha mtu anayesoma bei dukani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya, nenda salama."

Nilikuwa nimeshafika Ndia Kuu ndipo miguu ikakataa kwenda.

Hesabu yenyewe ni hii. Hitma ilikuwa Jumamosi. Biriani aliniletea Jumamosi ile ile magharibi, kwa kijana wa tuktuk, akaiacha kwa mwenye duka chini ya nyumba ninayokaa Tudor. Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, usiku mtu analala juu ya sakafu. Wali, nyama na masala ya mtindi, ndani ya hotpoti iliyofungwa, kutoka Jumamosi hadi Jumanne.

Haingekuwa tamu. Ingekuwa na povu.

Sikwenda Nairobi. Jumamosi ile nilikuwa nyumbani, mlango nimeufunga kwa ndani, natazama Columbo, ule mchezo wa zamani wa televisheni ya Marekani wa askari mpelelezi wa jina hilo. Biriani niliila ya moto, mbele ya kompyuta, baina ya maiti mmoja na mwingine.

Sisi tushajua aliyeua

Rafiki yangu ndiye aliyenipa flashi yenye visa vyote vya miaka ya sabini. Akaniambia, "Ukianza, hutoki." Sikumwamini. Mimi ni mtu wa kutaka kujua nani aliyefanya. Nikisoma hadithi ya upelelezi nafungua ukurasa wa mwisho, halafu naona haya, halafu nafungua tena.

Columbo hana ukurasa wa mwisho. Kisa kinaanza kwa muuaji. Unamwona akipanga, akiua, akifuta alama, akijitengenezea ushahidi kwamba alikuwa kwingine. Dakika ishirini hivi zinapita na askari bado hajaonekana. Halafu anaingia mtu mfupi, nywele timutimu, koti la mvua lililokunjamana kama lililalia godoro, katika mji wa Los Angeles ambako mvua ni habari ya kusimuliana. Anatafuta kalamu. Hana kalamu. Anamuomba muuaji kalamu.

Waliomtunga ni marafiki wawili wa tangu shule, Richard Levinson na William Link, ambao hawakuficha kwamba walimchota kwa yule Porfiry, mpelelezi katika riwaya ya Dostoyevsky. Peter Falk alimvaa kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Mfululizo wenyewe ukaanza 1971, kisa chake cha kwanza kikiongozwa na kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg, na kisa cha mwisho kilitoka 2003. Jumla 69. Koti ni la Falk mwenyewe. Jicho lake la kulia lilikuwa la bandia tangu akiwa na miaka mitatu, na mimi nasema nusu ya uigizaji wake imo humo: hujui anakutazama wewe au anautazama ukuta ulio nyuma yako.

Gari lake nusura liniharibie utamu. Ni Peugeot 403 kuukuu, nayo imewekwa ili tucheke. Sasa mwambie Mkenya aicheke Pijo! Gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1966, ikarudi 1967, ikarudi 1968? Wazee wetu waliposema "fulani ana Pijo" walishusha sauti. Ilinichukua visa vitatu kuelewa kwamba wale matajiri wa Los Angeles wakiiona ile gari wanamdharau, hawamwamkii.

Hata hivyo Mswahili si mgeni wa mpelelezi wa ajabu. Tuna Bwana Msa na kiko chake tangu mwaka 1960, kwa kalamu ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na rafikiye Najum pembeni akishangaa kwa niaba yetu. Lakini Bwana Msa watu wanamwita kwa sababu wanajua ana akili. Heshima inamtangulia kuingia chumbani. Columbo hatanguliwi na kitu isipokuwa harufu ya ile sigara yake nene.

Nilidhani huo ndio utamu wake: mnyonge anayewaaibisha wakubwa. Simba aliyenyeshewa, wakamdhani paka. Nilikuwa tayari kuandika makala hiyo, na mngeisoma, na tungekubaliana sote.

Halafu shangazi akaniuliza habari ya biriani.

Maneno ya mlangoni

Mtu wa pwani haagi mara moja. Unasema "haya, sisi twende," unaambiwa "mbona mapema?" Unakaa tena. Unasimama. Mnazungumza mmesimama. Mnafika ukumbini, mnazungumza ukumbini. Unavaa viatu. Na hapo, mkono uko kwenye komeo, ndipo linapotoka lile lililowaleta.

Posa nimeziona zikidokezwa mlangoni. Madeni ndiyo kabisa: mtu anakaa saa mbili anazungumzia mpira na bei ya unga, halafu akiwa kizingitini anasema, "Ah, nilikuwa nishasahau..." Hakusahau. Hakuna aliyewahi kusahau. Marehemu mume wa shangazi, aliyenifundisha kusoma saa nikiwa na miaka sita, alikuwa akisema mgeni asikilizwe akiwa na viatu, kabla ya hapo anakunywa kahawa tu.

Kwa hiyo nilipomwona Columbo kwa mara ya kwanza anaaga, anafika mlangoni, anasita, anageuka, kidole kwenye paji la uso, "kuna jambo moja tu linanisumbua", nilicheka peke yangu hadi nikasimamisha picha. Huyu ni mtu wa Mji wa Kale! Wamarekani wanaiona ile kama mbinu ya ajabu, lakini sisi tumelelewa nayo.

Mbinu yenyewe ina akili. Mtu akikukalisha mezani akakuuliza, unajifunga mkanda. Akikuaga, unafungua. Muuaji ameshatoa pumzi, ameshamimina kinywaji, ameshaanza kumcheka kimoyomoyo. Swali linamkuta akiwa uchi.

Na huku kwetu kuna neno lake. Tunasema fulani anakuchimba. Hakuulizi, anakuchimba. Anachota mchanga kidogo, anaongea mengine, anarudi anachota tena, nawe umesimama juu ya ardhi ile ile unaona bado iko.

Je, shangazi alinichimba?

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwa sababu inawezekana kabisa kwamba hakunichimba. Inawezekana ni mwanamke mwenye miaka zaidi ya sabini aliyepeleka chakula mbali akahofia kwamba kimeharibika. Hicho ndicho anachoulizwa kila mtu aliyepelekewa chakula. Nilifika nyumbani nimeshajiaminisha hivyo. Kufika saa tano usiku nikakumbuka jinsi alivyosema "Alhamdulillahi". Mbona aliisema polepole?

Saa sita nikajiona. Nilikuwa nafanya hasa wanachofanya wale wauaji.

Kila mmoja wao ana usiku kama huu. Yule askari ni mpumbavu au anajua? Angekuwa anajua angenikamata. Angekuwa mpumbavu asingeniuliza habari ya taa. Tunadhani tunatazama askari akimtafuta mhalifu, kumbe mhalifu ndiye anayetafuta: anamtafuta askari yule wa kweli, yuko wapi ndani ya lile koti. Na sisi tuko upande wake kwa sababu tulianza naye. Tuliingia naye chumbani, tulifuta naye alama. Nilikuwa nikijiambia napenda Columbo kwa sababu napenda haki itendeke, na pengine ukweli ni kwamba miezi yote ile nilikuwa nikikaa kiti cha mkosaji na kujifunza kinavyokaliwa.

Ulimi

Wiki mbili baadaye nikafika kwenye kisa cha mtengeneza mvinyo, cha mwaka 1973. Nikiwaambia kilivyo mtadhani natunga, lakini kipo.

Bwana mmoja anaitwa Adrian Carsini, anachezwa na Donald Pleasence, anapenda mvinyo kuliko binadamu. Nduguye wa baba mmoja anataka kuliuza shamba. Carsini anampiga, anamfunga ndani ya ghala la mvinyo, anazima mashine ya kupoza hewa ili nduguye akose pumzi, anasafiri kwenda New York. Akirudi kila kitu kiko sawa. Ila siku moja katika siku zile jua lilikuwa kali mno. Columbo anachukua chupa kutoka ghala lile lile, anamwalika Carsini hotelini, anaagiza imiminwe. Carsini anaonja mara moja tu, anawaka. Mvinyo huu umepigwa na joto! Umeharibika! Ni nani anathubutu kuweka kitu kama hiki mezani?

Mvinyo ni wake. Ulimi wake umemshtaki.

Nilifunga kompyuta. Carsini alijua mno kuonja. Mimi sikujua vya kutosha kusema uongo. Yeye alisema kimeharibika na kweli kimeharibika, mimi nilisema ni kitamu na kweli kilikuwa kitamu, sote wawili tulisema kweli, na ukweli ule ule ukatufunga. Na kilichonifanya mimi niseme si ujinga, ni adabu. Ukiulizwa habari ya chakula cha mtu unasema kilikuwa kitamu. Hata kikiwa na mchanga unasema kitamu. Angeniuliza habari ya treni ningekuwa na jibu, nilishalitayarisha, hadi namba ya behewa. Aliniuliza mahali ambapo mtu aliyelelewa vizuri hana jibu ila moja.

Mnielewe. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya bandarini. Kila siku nasoma maelezo ya watu wanaotaka kontena lao lipite, na nimejifunza kwamba uongo haukai kwenye mambo makubwa. Makubwa kila mtu ameyapanga. Uko kwenye uzito wa karatasi ya pili usiolingana na wa kwanza. Hilo nalijua kazini, kibarazani kwa shangazi sikulijua.

Askari anayebisha hodi

Nina doa moja na huyu mtu na sitaki kulipita.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Mtaani kwetu vijana wakiona gari la polisi linapunguza mwendo wanahamia upande wa pili wa barabara, na hawajafanya kitu. Askari anayeingia nyumbani kwa mtu usiku haombi kalamu. Basi imekuwaje mimi, na rafiki yangu wa flashi ambaye ameshalala rumande kwa kukosa kitambulisho, tukae tunampenda askari?

Jibu la haraka ni kwamba Columbo ni ndoto. Anakuja peke yake. Anabisha. Anaomba ruhusa ya kuingia, anasifia zulia, anamuuliza mwenye nyumba alinunua wapi viatu. Bastola hana habari nayo. Kuna kisa cha 1975 ambamo wakubwa wanamfuata kwa sababu hajafanya mtihani wa shabaha, naye anaishia kumtafuta mwenzake amfanyie. Na zaidi ya yote, hamfuati maskini. Anaowafuata ni daktari, mwandishi maarufu, kiongozi wa okestra, bingwa wa sataranji, hata mkubwa wake mwenyewe kazini katika kisa kimoja cha 1974. Huku kwetu wavu una matundu makubwa juu na madogo chini. Kwake umegeuzwa.

Lakini kuna jibu jingine linanisumbua zaidi. Unyenyekevu wake ni wa kweli au ni chambo? Tangu ile filamu ya 1968, muuaji wa kwanza kabisa, daktari wa akili, alimwambia usoni: wewe unajifanya mshamba ili watu wakudharau, ndiyo silaha yako. Na hakukosea. Kwa hiyo yale maswali kuhusu viatu, zile habari za mkewe tusiyemwona hata siku moja, ni mapenzi ya watu au ni ndoano? Na shangazi je? Kahawa vikombe vitatu?

Nimelifikiria hilo kwenye feri, kwenye foleni ya benki, kitandani. Nimeona kwamba naogopa adabu. Mimi niliyelelewa nayo. Kelele naziweza, mtu akinifokea namfokea. Ila mtu akinipa kahawa na huku anajua...

Bibi aliyesahau

Kisa hicho cha mtihani wa shabaha nilikitazama mwezi Machi, mvua za mwanzo zikipiga mabati.

Mwanamke mmoja, nyota wa zamani wa filamu, anachezwa na Janet Leigh, anamuua mumewe aliyemnyima fedha za kurudi jukwaani. Columbo anafuata nyayo kama kawaida hadi anafika mwisho. Mwisho wenyewe ndio huu: yule mwanamke ana ugonjwa wa ubongo, amebakiwa na muda mchache tu wa kuishi, na hakumbuki kwamba ameua. Amesahau kabisa. Mwigizaji mwenzake wa zamani, aliyempenda miaka yote, anasimama anasema: ni mimi niliyeua, nichukueni mimi.

Columbo anajua ni uongo. Anamwambia ushahidi huo utavunjika. Yule bwana anamjibu kwamba huenda kuuvunja kukachukua miezi miwili. Columbo anafikiri. Anakubali kwamba huenda. Wanatoka, na ndani yule mwanamke amebaki akijitazama katika filamu yake ya zamani, anatabasamu.

Askari mzima, ukweli uko mkononi, anauweka mfukoni mwa lile koti na kufunga mlango taratibu.

Nililirudia mara mbili. Nilikuwa nimekaa wiki kadhaa nikiuliza kama shangazi anajua. Sikuwahi kujiuliza kwamba, ikiwa anajua, amefanya nini na alichokijua. Hakumwambia mtu. Ningesikia, Kibokoni hakuna siri ya zaidi ya siku mbili. Binti yake alinipigia simu wiki ile ile ya biriani akanipa pole ya safari.

Pole ya safari.

Tunangoja nini

Ijumaa iliyopita nilikwenda na kompyuta. Nilimwambia kuna mchezo mmoja wa zamani nataka tuutazame. Cha mvinyo sikukipeleka. Nilijiambia ni kwa sababu ya pombe, siwezi kumwekea shangazi watu wanaonusa vikombe saa nzima. Mnajua mnavyojua. Nilimpelekea cha yule bibi.

Alikaa juu ya kitanda cha kamba, miguu kaikunja, akawa ananiuliza wanasema nini, nami namfasiria. Muuaji alipomaliza kazi yake akanigeukia.

"Kumbe tushamuona aliyeua."

"Ndiyo."

"Sasa twangoja nini?"

Nikamwambia tunangoja tuone atajulikanaje. Akasonya. "Atajulikana tu," akasema, na akaendelea kutazama.

Columbo alipoingia akauliza yule mkewe ni mwanamke gani asiyeweza kumpigia mumewe koti pasi. Columbo alipoaga akarudi mara ya kwanza, akauliza, "Mbona yuwarudi?" Mara ya pili hakuuliza. Mara ya tatu alicheka kabla hajageuka. Kufika mwisho, yule bwana anajitwika kosa lisilo lake, nilisita kufasiri kidogo, sauti ilinikauka, akaniambia, "Acha, nimefahamu."

Tukakaa kimya. Muadhini akaadhini ishaa. Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimekuja na maneno, nimeyapanga tangu Tudor, yanaanza na "Shangazi, ile Jumamosi". Akainuka kabla sijaanza, akasema ngoja, akaingia jikoni, na nikasikia vyombo.

Nilikunywa kahawa iliyobaki. Tukaagana. Mbona mapema? Nikakaa tena. Nikasimama. Tukafika ukumbini, akanipa salamu za watu wasiopungua kumi. Nikavaa viatu.

"Ah, mwanangu."

Alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye mfaa. Safari hii hotpoti alinipa mimi. Nzito, ya moto hata kwenye mfuniko.

"Uile leo leo," akasema. "Hii haifiki Jumanne."